Picha ya Hewa

Stuli ilikuwa tupu. Hilo Dismasi angeweza kuliapia hata mahakamani. Ilikuwa stuli ile ile ya miguu mitatu iliyotoka kwenye studio yake ya zamani pale Maji ya Chai, imesimama katikati ya chumba cha nyuma cha nyumba yake ya Njiro, saa tisa mchana, jua limejaa dirishani, na juu yake hapakuwa na kitu. Lakini alipofungua kifuniko cha kamera yake ya Yashica na kuinama kuchungulia kile kioo cha juu, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi, aliona mtu ameketi.

Aliinua macho. Stuli tupu. Akainama tena. Mtu yupo: mwanamke aliyejitanda kanga kuanzia utosini hadi kidevuni, uso hauonekani, mikono imetulia magotini, anasubiri kupigwa picha. Dismasi alifuta miwani kwa shati, akafuta na lenzi, na mtu akabaki pale pale. Basi akafunga kifuniko taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa, akatoka kwenda kumwomba mkewe chai ambayo hakuinywa.

Tuseme kwanza alikuwa anatafuta nini mle ndani. Binti yao Rachel alikuwa anarudi kutoka Dodoma na mtoto wake wa miaka miwili, Princess, na chumba cha nyuma kilihitajika. Mle kulikuwa na mzigo wa miaka thelathini: mapazia yaliyochorwa maporomoko ya maji, taa, beseni za dawa, na kamera mbili za filamu pana, zile ambazo mpiga picha haziweki jichoni bali huzishika usawa wa tumbo na kuchungulia kwa juu kama mtu anayetazama ndani ya chungu. Ya kwanza ni hiyo Yashica, nyepesi, lenzi mbili zimepandana. Ya pili ni Mamiya, nzito kama tofali, aliyoachiwa na daktari mmoja mmishonari alipokuwa anarudi kwao. Simu zilipoingia, zote mbili zilipanda kabatini zikastaafu pamoja na mwenye nazo.

"Moja, Baba Rachel," Joyce alikuwa amemwambia. "Moja ibaki ya kumbukumbu, nyingine iende. Si unasema vijana wanazitafuta siku hizi?"

Kijana alikuwa ameshapatikana. Aliitwa Sakaya, mpiga picha wa Nairobi, na angefika Jumamosi. Alisema atachukua yoyote ambayo mzee ataridhika kuiachia. Kwa hiyo kazi ya Dismasi wiki ile ilikuwa moja tu, kuamua ipi iende na ipi ibaki. Kazi nyepesi, ungedhani.

Lakini Dismasi alimjua yule mwanamke. Au alidhani amemjua, na ndiyo sababu chai haikupita kooni.

Enzi za filamu wapiga picha walikuwa na ujanja wao, wakiuita kupiga hewa. Mlevi akikung'ang'ania umpige, au watoto wakikuzonga harusini, unachukua kamera isiyo na filamu, unasema "haya, cheka," unabonyeza, na kila mtu anaondoka ameridhika. Filamu ilikuwa haba na hewa ilikuwa bure. Dismasi alikuwa bingwa wa hewa, na wala hakuona haya. Ila siku moja ya mwaka 2006 mama yake mzazi, Bibi Anasia, alishuka kwa miguu kutoka mlimani Nkoaranga, amevaa kitenge kipya, amembebea mwanawe loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, akaketi kwenye ile stuli bila kukaribishwa.

"Nipige moja nzuri, mwanangu," alisema. "Ile mtakayoitanguliza mbele yangu siku yangu ikifika."

Kesho yake Dismasi alikuwa na harusi mbili na filamu zilizobaki zilikuwa za kuhesabu. Alinyoosha mkono rafuni, akachukua kamera iliyokuwa karibu, tupu, akasema "haya mama, cheka," akabonyeza. Ni ipi kati ya zile mbili, hakumbuki mpaka leo. Mama alicheka kweli, na meno yake machache, kisha akambariki kwa kumrushia mate mepesi kwenye paji la uso kama wazee wetu wanavyofanya, akapanda mlima kurudi kwake.

Mwaka mzima aliulizia. "Picha yangu je?" "Bado kusafishwa, mama." Akawa anawatania majirani kwamba picha yake lazima ina uchafu wa ajabu, maana inasafishwa toka kahawa inachanua hadi inachumwa. Dismasi alikuwa na nia ya kumpiga ya kweli. Nia alikuwa nayo kila wiki. Kisha mama akaanguka asubuhi moja migombani, na hakuamka.

Kwenye msiba watu walimgeukia yeye. Picha si iko kwako? Mama alisema iko kwako. Angewezaje kusema mbele ya ukoo mzima kwamba mpiga picha wa Meru yote hana hata picha moja ya mama yake? Alijifungia kwenye chumba cha giza na kutafuta katika negativu zake mpaka akaipata picha ya Mama mdogo Eunike, mdogo wa marehemu, aliyompiga siku ya jubilei ya ndoa yake. Ndugu hawa walifanana sana. Akatega kipande cha soksi ya nailoni chini ya lenzi ya mashine ya kuchapia ili sura ilainike, akaichapa kubwa, akaiweka kwenye fremu yenye maua. Waombolezaji wakasema, "Jamani, Anasia alikuwa mzuri ujanani." Wakalia wakiiangalia.

Mama mdogo Eunike alifika kutoka Ngarenanyuki siku ya maziko yenyewe, mikono yake bado inanuka vitunguu vya shambani kwake. Alipita kwenye mstari wa kuaga, akafika mbele ya jeneza, akajiona. Alisimama pale muda mrefu hata aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. Kisha akavuta kanga juu ya uso wake mzima, na alipompita Dismasi alisema kwa sauti ya chini, yeye peke yake asikie:

"Dismasi, umenizika."

Hakumwambia mtu mwingine, kwa ajili ya heshima ya ukoo. Lakini kuanzia siku ile, kila Dismasi alipokuwepo, alijifunika uso. Kabla ya vitunguu vya mwaka ule kung'olewa alikuwa amekufa, bila ugonjwa unaojulikana. Dismasi hakwenda kumzika. Alisema gari lina hitilafu, na gari halikuwa na kitu.

Huo ndio mzigo aliokuwa nao alipokaa na chai yake iliyopoa Jumatano ile. Na kati ya dhambi hizo mbili, moyo wake ulikimbilia ile nyepesi. Ni mama, alijiambia. Mama aliingia kwenye kamera isiyo na filamu, akakosa pa kutulia, sasa anaidai picha yake.

Alhamisi alirudi mle ndani kuamua. Alianza na Mamiya. Aliipakata magotini aisafishe, na mara akasikia harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, harufu ya maziwa ya mgando na mkaa, laini, ya zamani sana. Mwili ukalegea. Usiku uliopita hakuwa amelala vizuri, na pale alisinzia na kamera mikononi kama mtoto, akaamshwa na kitu chepesi kama manyunyu kilichomtua kwenye paji la uso. Alitazama juu kama dari linavuja. Halikuvuja. Akatoa leso, akafuta.

"Hii haina neno," alisema kwa sauti. "Hii ni safi."

Kisha Yashica, iliyokuwa kwenye kabati lililofungwa nyuma yake, ikalia. Ta! Mlio mdogo mkavu ambao angeutambua hata ndotoni, mlio wa kamera iliyobonyezwa. Akageuka. Ikalia tena, bila mtu wa kuvuta wenzo wake, na Dismasi akaenda kulifungua kabati kwa sababu kutolifungua kulikuwa kunatisha zaidi, akainyanyua kamera ikiwa baridi kama maji ya mtoni kule juu msituni, akafungua kifuniko, akainama, na safari hii mwanamke hakuwa mbali tena bali alikuwa amesogea, yeye pamoja na stuli yake, akijaza nusu ya kioo, na ile kanga ilikuwa ikiingia na kutoka mahali pa mdomo, ikiingia na kutoka, kama ya mtu anayepumua kwa shida, na chumba chote kikajaa harufu kali ya vitunguu vibichi mpaka macho yakamtoka machozi, na alipoinua uso kuitazama stuli ya kweli, ile tupu, ile ya juani, aliona imesogea kutoka katikati ya chumba na kuja mbele yake kiasi cha hatua mbili, na sakafuni ilikuwa imechora mistari mitatu katika vumbi.

"Joyce!" aliita. "Unakata vitunguu?"

"Vitunguu vya nini saa hizi?" Joyce alijibu kutoka uani. "Nafua."

Jioni ile alimwambia mkewe, lakini alimwambia nusu. Habari ya hewa aliisema yote, akilia. Habari ya msibani hakuigusa. Joyce, ambaye ni Mwarusha na haogopi ovyo, aliweka mkono kifuani.

"Ulimpiga mama yako hewa?" alinong'ona. "Mama yako mzazi, Baba Rachel?"

"Nilijua nitampiga siku nyingine."

"Na picha ya kwenye msalaba wa kaburi lake je?"

"Hiyo ni ya zamani," alisema upesi. "Ya ujanani."

Shetani wa kwanza ndani ya nyumba ile, kama unaniuliza mimi, alikuwa huo upesi.

Ijumaa walimchukua Mwinjilisti Tajeu, mstaafu wa usharika wao, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye watu humwita kimyakimya wakisumbuliwa na mapepo. Alipoingia chumba cha nyuma alisimama mlangoni, hakukanyaga ndani.

"Mzee Dismasi," alisema taratibu, "humu hayumo mmoja tu."

"Unasemaje, Mwinjilisti?"

"Nasema ninachosikia. Mmoja ametulia. Mwingine amekasirika. Twende kaburini. Beba isale."

Dismasi alikata jani la isale kwenye uzio, lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha. Alilifunga fundo kama inavyotakiwa. Walipanda Nkoaranga kwa gari mpaka barabara ilipoishia, wakamaliza kwa miguu kati ya migomba na mibuni, wingu la Meru limeshuka hadi mabegani. Kaburi la Bibi Anasia lilikuwa na vigae vyeupe na msalaba, na kwenye msalaba, nyuma ya kioo, Mama mdogo Eunike alikuwa akitabasamu chini ya jina lisilo lake.

Dismasi alipiga magoti. Aliungama habari ya hewa mbele ya Mwinjilisti na mkewe, akaomba radhi, akaliweka isale kwenye kigae. Aliyasema kwa uchungu wa kweli, wala tusimnyime hilo. Mwinjilisti aliomba muda mrefu. Alipomaliza hakusema Amina. Alimtazama Dismasi.

"Kuna lingine?"

Upepo ulikuwa umesimama. Ile picha ya msalabani ilikuwa usawa wa macho yake, na Dismasi aliijua kuliko alivyoujua mkono wake, aliijua soksi iliyoilainisha, aliijua hata tarehe ya jubilei. Joyce alikuwa hatua moja nyuma yake. Kusema kungekuwa ni kumwambia mkewe, dada zake, usharika mzima, kwamba miaka yote hii wameweka maua mbele ya mtu mwingine, na kwamba yule mtu alijiona amezikwa akiwa hai, akaenda kwake akafa.

"Hakuna, Mwinjilisti."

"Basi, Amina," alisema Tajeu, akashuka mlima bila kungoja wenzake.

Waliporudi, Dismasi alifungua Yashica na kuchungulia haraka haraka. Stuli ilikuwa tupu kiooni kama ilivyokuwa tupu chumbani. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Pembeni kabisa mwa kioo palionekana kitu kama upindo wa nguo, akasema ni pazia. Dirisha la chumba kile halina pazia, na yale ya studio yalikuwa yamekunjwa.

Basi uamuzi ukawa rahisi. Mama alikuwa kwenye Yashica, amesamehe, ametulia. Hawezi kumuuza mama yake. Mamiya haikuwa na kitu wala mtu. Jumamosi Sakaya alipofika, kijana mrefu mwenye heshima, aliyesema shikamoo na kuinama kidogo, Dismasi alimkabidhi Mamiya kwa mikono miwili. Ilipotoka mikononi mwake alisikia kifua kinabaki wazi, kama mtu aliyeibiwa na hajajua bado kilichoibiwa. Alidhani ni majonzi ya uzee.

"Nitaitunza, mzee wangu," alisema Sakaya, akamwachia roli mbili mpya za filamu kama asante. "Hii nyingine nawe uitumie. Zisikae tu."

Rachel na Princess walifika Jumatano iliyofuata. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi, mzigo umegawiwa, imebaki Yashica rafuni na stuli pembeni. Joyce alianza siku ile ile kumfundisha mjukuu adabu za kwao: mtoto hamwamkii mkubwa hivi hivi, anamsogelea na kuinamisha kichwa, na mkubwa anakigusa kwa kiganja. Princess alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Aliinama kwa bibi, kwa babu, kwa wageni wote. Ila hakuinama kwa watoto wenzake, wala kwa kiti, wala kwa mdoli. Alijua kabisa ni ya wakubwa.

Jumapili moja baada ya ibada, Rachel aliomba Princess apigwe picha ya kweli, ya filamu, na babu yake. Dismasi alifurahi. Alifungua roli, akaivuta, akaiweka mwenyewe ndani ya Yashica, akahakikisha mara tatu kwamba filamu imo. Hewa alikuwa amekoma. Rachel akamweka mtoto kwenye kiti kidogo cha plastiki karibu na dirisha, Joyce akasimama mlangoni akicheka, na stuli ilikuwa pale pembeni ilipokuwa siku zote. Ndipo simu ya Dismasi ikalia ujumbe.

Ilikuwa kutoka kwa Sakaya. "Shikamoo mzee. Nimesafisha roli ya kwanza, kamera ni nzuri ajabu. Lakini nimepiga watu kumi tofauti na wote hawakutoka. Kila picha ametoka huyu mama. Unamjua?"

Chini ya maneno hayo alikuwepo Bibi Anasia. Alikuwa ameketi kwenye stuli, kwenye kitenge kipya, kibuyu miguuni, anacheka na meno yake machache. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi akimsubiri mwanawe bila kinyongo, na Dismasi akakumbuka ile harufu ya mkaa na maziwa, akakumbuka yale manyunyu kwenye paji la uso, na leso aliyoyafutia. Alikuwa amembariki tena. Naye alimfuta, akamkabidhi kwa mgeni kwa mikono miwili.

Joyce alikuwa ameshafika begani kwake. "Nani huyo?" aliuliza, akaisogeza simu. "Mbona kama..." Akaisoma sura ile. "Baba Rachel. Huyu ni mama? Mbona hafanani na wa kwenye msalaba?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mlango wa mwisho. Neno moja tu lilitakiwa, na mkewe alikuwa pale, na binti yake, na moyo wake ulikuwa unamsukuma kwa nguvu zote.

"Simjui," alisema Dismasi. "Mteja tu wa zamani."

Rachel akakunja pua. "Jamani, nani anakata vitunguu?"

Dismasi alihisi Yashica ikipoa mikononi. Hakutaka kuinama. Aliinama kwa sababu shingo ilivutwa, na katika kioo aliiona stuli, ambayo haikuwa pembeni bali ilikuwa mbele, karibu kabisa, na mwanamke ameketi juu yake, na mkono wake wa kulia, ambao kioo kile huuonyesha kama wa kushoto, ulikuwa unaishusha kanga polepole, utosi kwanza, kisha paji la uso, kisha macho, kisha sura yote, sura aliyoichapa yeye mwenyewe, iliyolainishwa kwa soksi kama alivyoilainisha, imefifia kingo zake kama picha ya fremu, nayo haikumtazama mtoto wala Joyce, ilimtazama yeye, na midomo ikasema maneno mawili ambayo hayakuhitaji sauti kwa kuwa alishayasikia.

Ta! ikalia kamera. Dismasi hakuwa amebonyeza.

Aliinua kichwa. Princess alikuwa ameshuka kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa anatembea kwa hatua zake fupi kukatisha chumba, ameipita mikono ya mama yake, amempita bibi yake, mpaka akafika mbele ya ile stuli tupu, akasimama na kuinamisha kichwa.

"Princess, njoo huku," Rachel aliita akicheka. "Hapo hakuna mtu."

Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa anasubiri, kama alivyofundishwa. Kisha nywele zake laini za utosini zikabonyea taratibu, alama ya vidole vitano, zikakaa hivyo muda mrefu.